Mnajua Wenyewe

Tunu alikuwa na mkojo unaomtoka bila hiari yake. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililommaliza, na nikiliweka mwisho mtakaa mnangoja majini na wanga. Hapa hakuna majini. Ni mkojo. Wanawake tuliozaa tunaujua, tuliozeeka tunaujua zaidi, na hakuna anayeutaja.

Watu watasema mwosha maiti hasemi alichokiona kitandani. Sawa. Mie sikukiona kitandani. Alinieleza mwenyewe kwa mdomo wake, ukumbini kwake, hai na akili zake timamu. Kwa hiyo nasema. Anayetaka kunikataza aje Charambe, aulize nyumba ya Mama Mwishehe, ataoneshwa.

Tulihamia huku Mbagala pamoja, enzi hizo Charambe yote ni mikorosho na njia za mchanga. Yeye katokea Kisarawe, mie Keko. Mume wake alifariki mapema, akamwachia mtoto mmoja tu, Salma. Wangu aliniachia wanne. Tunu alikuwa anakaanga vitumbua barazani kwake asubuhi, mtu mfupi, mweusi wa kung'aa, meno yote yapo, na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara akageuka na asiyeitwa.

Lakini vitumbua ilikuwa riziki. Kazi yake hasa ilikuwa kuosha. Akifa mwanamke wa Kiislamu mtaani kwetu, Tunu anaitwa hata sanda haijanunuliwa. Mie namwagia maji, na Mwavita, mke wa muuza mkaa, anashika kanga za kusitiri. Tunu alikuwa anaongea na maiti wake. "Haya bibi, geuka kidogo tumalize ubavu huu, wenzio wako nje wanakungoja." Anasema taratibu kama anayemwogesha mtoto mwenye homa. Nimeona naye makovu ya kipigo kwenye migongo ya wanawake ambao waume zao walikuwa nje wanalia kwa sauti. Nimeona tumbo la msichana ambalo mama yake hakulijua. Hakuna lililotoka nje ya kile chumba. Ndiyo maana wanawake wazima walikuwa wanamwekea ahadi.

"Bi Tunu, mie uniogeshe wewe. Usimwachie Mwavita, ana kucha."

Mwavita naye hakubali. "Siku hiyo wewe utakuwa na habari ya kucha?"

Tunacheka. Salma mwenyewe, alipokuwa anaolewa, alimwambia mama yake mbele yangu: "Mama, nikitangulia mimi, usiniachie watu." Tunu akampiga kofi la begani, akamwambia aache uchuro siku ya harusi. Lakini alifurahi, nilimwona.

Mkojo ulimwanza kwenye kazi hiyohiyo. Alikuwa ametoka kwenye kikohozi kibaya cha masika, na tukaitwa kwa marehemu mmoja mnene, mtu wa watu, mapaja kama magunia. Tunu akainama kumwinua begani amgeuze, na hapo ukamtoka. Alikuja kuniambia baadaye sana kwamba ulishuka mpaka kwenye kisigino. Sasa niwaulize nyie mliowahi kuingia chumba cha kuoshea: kuna mahali pakavu mle? Maji sakafuni, maji kwenye kanga, maji kwenye nyusi. Mie nilikuwa nimelowa mpaka kiunoni. Nani angejua maji gani ni ya nani? Lakini yeye aliinua macho, akamkuta Mwavita anamtazama, akajua ameonekana. Mwavita alikuwa anamtazama kwa sababu alikuwa anangoja aambiwe ashushe kanga. Hiyo ndiyo kazi yake, kutazama.

Kuanzia hapo Tunu akabadilika, na sisi tusijue kwa nini.

Kwanza udi. Nyumba yake ikawa inafuka udi mchana na jioni, kanga zimefukizwa, mwenyewe kajipaka marashi mpaka ukimkumbatia unapiga chafya. Mwanamke wa umri wake. Mwavita akaanza maneno yake: "Bi Tunu, huyo bwana umempata wapi? Tuambie na sie tukajaribu huko huko." Zamani Tunu angemrudishia maneno mpaka Mwavita akimbie. Sasa akawa anainamisha uso na kuingia ndani. Basi sie tukazidi kuamini bwana yupo. Kulikuwa na fundi mwashi mmoja mjane wa Kibamba aliyekuwa anajenga choo cha msikiti, tukamkabidhi huyo. Maskini, sidhani hata alimjua Tunu kwa sura.

Halafu akaacha vitumbua. Mchuchumao ule wa kwenye jiko ulikuwa unamtesa, lakini alisema mchele umepanda bei. Na kuosha akakupunguza, anasema mgongo unamuuma.

Halafu kiti.

Hili la kiti lazima nilieleze kwa wasiojua desturi zetu. Msibani kwetu wanawake tunakaa chini, kwenye mikeka, miguu imenyooshwa, bega kwa bega. Viti vya plastiki vya kukodi ni vya wanaume nje ya turubai, na vya wageni wenye suti. Mwanamke wa mtaa akiomba kiti ni kama amesema, nyie kaeni huko chini, mie si mwenzenu. Hata Mama Gozbert, jirani yetu Mkristo, mtu wa Bukoba, mwalimu mstaafu, goti lake bovu, akija msibani kwetu anavua viatu na kukaa mkekani, na tukimletea kiti anakataa. Basi Tunu, mwosha wetu, akaingia msiba wa Bi Sikudhani, akasimama mlangoni, akasema kwa sauti: "Nileteeni kiti."

Tukatazamana. Mtu akafikiri anatania. Akasimama vilevile mpaka kiti kikaletwa. Akakaa juu, pale mlangoni, kanga kaibana mapajani, sisi wote chini yake kama watoto wa chuo mbele ya mwalimu.

"Mkwe ana gari siku hizi," Mwavita akasema, si kwa siri sana. "Gari ya kusukuma." Watu wakacheka kwa pua, kama wanavyocheka msibani.

Farhan, mkwe wake, alikuwa fundi wa mafriji huko Kiwalani, na kweli alikuwa amenunua gari bovu. Tunu alisikia kicheko. Kiti chake cha plastiki alikitaka kwa sababu kinafutika. Mkeka ungenywa na ungebaki na alama. Aliposikia kicheko akajua wanacheka hilo. Akaondoka kabla ya chai, na yeye mwenyewe akakifuta kile kiti kwa ncha ya kanga. Hilo la kufuta tuliliona, tukasema anatuona sisi wachafu.

Nilimuuliza. Mie sikai na neno. Nikamfuata kwake.

"Tunu, umekuwaje?"

"Niko hivi hivi."

"Watu wanakusema."

"Najua wanayosema," akanijibu. "Na wewe unayajua. Tusiyarudie, Mama Mwishehe, tafadhali."

Nikadhani anasema habari ya fundi wa Kibamba. Nikanyamaza kwa heshima, nikasema mtu mzima ana haki ya bwana wake.

Mwaka uliofuata Salma akaumwa. Uvimbe kwenye titi. Alikuwa na mtoto mmoja, Nusaiba, yuko darasa la pili wakati huo, mtoto mwenye shingo ndefu ambayo bibi yake Tunu hana. Salma alikuwa anakaa Kiwalani kwa mama mkwe, Bi Shamimu, nyumba iliyo chini kabisa ya njia ya ndege. Ndege zikipita unaacha kuongea unangoja.

Tunu akawa anakwenda kila siku. Anampaka mafuta, anampa uji, anamsuka nywele zilizobaki. Lakini jua likianza kuteremka, anajifunga kanga anaondoka. Salma alikuwa anamwomba. "Mama, lala leo. Leo tu."

"Nina kuku, mwanangu."

Kuku wenyewe walikuwa wawili na jogoo mmoja, na mie ndiye ninayewafungia. Siku moja nilipokwenda kumwona Salma, Bi Shamimu aliniambia jikoni kwake, huku anamenya ndizi kwa hasira: "Mama wa mgonjwa anakwenda kulala na kuku! Mie mkwe ndiye naamka kumgeuza. Nikiwaambia watu watasema nina chuki."

Tunu hakuwa na kitanda cha kulala Kiwalani. Angelala na Nusaiba na mfanyakazi wa ndani, godoro moja. Alikuwa anaogopa asubuhi. Godoro la watu, mtoto wa watu kando yake, halafu linaanikwa uani majirani wanaliona. Bora waseme kuku.

Salma alifariki asubuhi, kabla mama yake hajafika.

Tulikwenda wanawake wengi kutoka Charambe, maana Salma kazaliwa mikononi mwetu. Tukakuta turubai limeshafungwa, ufuo, shimo la kupokea maji ya kuoshea, umechimbwa chumba cha uani, kitanda cha kuoshea kimeletwa kutoka msikitini, ndoo za maji, majani ya mkunazi yamepondwa, kafuri kwenye sahani. Kila kitu tayari. Kila mtu anamngoja mtu mmoja, na hakuna aliyeuliza ni nani ataosha, kwa sababu nani asiyejua? Mama wa marehemu ndiye mwosha, na marehemu mwenyewe aliagiza.

Tunu alikuwa kwenye kiti. Safari hii hakuna aliyemsema kwa kiti, amefiwa. Alikuwa halii. Anatazama mlango wa kile chumba.

Bi Shamimu akaja, macho yamevimba, akainama mbele yake. "Mama Salma, inuka. Maji tayari."

"Mie siingii," Tunu akasema.

Bi Shamimu akadhani uchungu. "Jikaze, dada yangu. Tutakushika. Mama Mwishehe yupo, Mwavita yupo, wewe utamgusa tu kichwa."

"Siingii."

"Mwenyewe alisema uje wewe. Usiku wa jana kanikumbusha."

Tunu akainua uso. Akasema, si kwa kelele, lakini sauti yake mnaijua, ilifika mpaka kwa wanaume: "Mnajua wenyewe kwa nini siingii. Nyote mnajua. Msinilazimishe nikaliseme mbele ya watu."



Mie nilijiuliza, tunajua nini? Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, kila mtu anamtazama mwenzie kama mwenzie ndiye anayejua. Lakini uso wa Bi Shamimu ulibadilika rangi. Akarudi nyuma hatua. Akasema polepole, "Hayo ndiyo maneno yako, Tunu? Leo? Juu ya maiti?" Akaingia ndani, na ndipo tukasikia kilio chake.

Tulimwosha sisi, mie na Mwavita. Mwavita alikata kucha kwanza, alizikata kwa wembe pale uani, analia, anasema, "Astaghfirullah, mie ni nani nimwoshe Salma." Nilijaribu kuongea na marehemu kama Tunu alivyokuwa akiongea. Nikaishia kumwagia maji tu. Tunu alibaki nje, na aliposikia maji yanaanza kumwagika alijifunika kanga kichwani, akabaki hivyo hivyo mpaka jeneza likatoka.

Siku ya hitima Bi Shamimu akasema mbele ya wazee wote: Nusaiba atabaki Kiwalani, na hatakanyaga Charambe. "Mtoto hatapelekwa kwa mtu aliyemkatalia mama yake maji ya mwisho." Mzee mmoja akajaribu kusema bibi ana haki yake. Farhan akainamisha kichwa, hakumtetea mtu. Wote wakamgeukia Tunu aseme lolote. Neno moja tu lingetosha. Akasema, "Mna haki. Hata mie nisingemleta mtoto kwangu." Halafu akainuka.

Mkisikia hivyo, nyie mngedhani nini? Watu walidhani kila kitu. Wengine walisema Tunu anawatuhumu wakwe kwa uchawi. Wengine wakasema Salma hakuwa mtoto wake wa kuzaa. Mwavita alisema ni yule fundi wa Kibamba, ana masharti. Mtaa wetu ukiachiwa tundu unalijaza wenyewe.

Nilivumilia mpaka nikachoka. Alasiri moja nikaingia kwake bila hodi. Udi unafuka. Nikamwambia, "Tunu, leo utanieleza. Tunajua nini?"

"Usinichezee, shoga."

"Nikuchezee na umri huu? Wallahi sijui. Ulisema sote tunajua. Mie sijui."

Akanitazama muda mrefu. Nadhani alikuwa anatafuta kwenye uso wangu kama ninamfanyia huruma. Mwishowe akafunua kanga kidogo, akanionesha matambara aliyojifunga, kama mtoto mchanga. Akanieleza yote. Siku ya yule marehemu mnene, macho ya Mwavita, kiti, godoro la Kiwalani. Na kwamba mtu asiye na tahara, mkojo unamchuruzika, hawezi kumgusa maiti na kumpeleka kwa Mola wake na najisi. "Salma wangu niende kumchafua siku ya kusafishwa? Na nyie mnaona, mnanusa, mnanyamaza kwa heshima tu. Nilishukuru mlivyonyamaza."

"Hatukujua."

"Mama Mwishehe."

"Hatukujua, Tunu! Nani aliyejua?"

"Mwavita anajua."

"Mwavita anajua una bwana Kibamba."

"Bwana gani?" Nikamweleza. Hakucheka. Akaanza kuniuliza, moja moja, kama mtu anayesaka kitu alichodondosha. Siku ile kwa Bi Sikudhani, mbona Mwavita alihamisha mkeka nilipopita? Nikamwambia bati linavuja pale, mvua ilikuwa inamdondokea. Mbona Mama Gozbert aliniletea sabuni? Alitugawia wote, mwanawe Gozbert kaleta katoni. Mbona kwenye maulidi watoto waliziba pua? Moshi wa udi wako mwenyewe. Mbona wewe uliacha kuniita tukaoshe? Kwa sababu ulikuwa unasema unaumwa mgongo.

Nilidhani nampunguzia mzigo. Nilitegemea atapumua, labda hata acheke, tukae kama zamani. Lakini kila nilipomjibu alizidi kusinyaa pale kwenye kiti. Nilipomaliza ya mwisho akasema:

"Basi nimemwachia Mwavita mwanangu bure."

Nikaondoka na neno hilo.

Kesho yake nilikwenda kumuuliza mwalimu wa madrasa, kwa kuficha jina, nikasema ni mtu wa Mtwara. Akaniambia mwosha hata akiwa hedhini anaosha, sembuse mtu mzima mwenye maradhi. Na mwenye maradhi hayo anajifunga vizuri, anatawadha kila swala, anaswali na watu. Dini imemwekea mlango miaka yote hiyo. Nikarudi nimejaa habari. Tunu akasikiliza mpaka mwisho. "Kumbe," akasema. Nikamwambia na zahanati pale yupo nesi, Vaileth, binti wa watu, mpole, anasema kuna mazoezi na kuna kifaa cha kuuzuia. Akaniuliza, "Yule aliyekuwa ananunua vitumbua kwangu na sare ya shule? Nikamvulie nguo yule?"

"Basi twende Kiwalani tu. Tumwambie Bi Shamimu. Akijua, mtoto atakuja hata leo."

Hapo alinishika mkono. Alikuwa na nguvu bado.

"Ulisema hawajui."

"Hawajui."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi kama hawakujua, wasijue. Uniapie."

Nikakataa kuapa, mie siapi kwa ajili ya upuuzi. Tukagombana pale mpaka akatoa machozi. Nikamwambia: mjukuu wako anakuita mkatili, na dawa ya hilo ni maneno mawili. Akasema, "Ataniita mkatili. Mkatili ni mtu. Lile jingine, atanikumbuka kwa harufu." Nikamwambia hakuna harufu. Akasema, "Sasa hivi hakuna. Ukishasema itakuwepo."

Na mjue kwamba hapo ndipo alipojifunga kabisa. Alipodhani tunajua alikuwa bado anakuja msibani, na kiti chake, na udi wake. Alipopata hakika kuwa hatujui, hakutoka tena, kwa sababu sasa alikuwa na cha kulinda. Misiba ikapita, hakwenda. Akazaa mtu, hakwenda. Mtaa ukahesabu, maana mtaa hauachi. Idi moja alimshonea Nusaiba gauni la kitambaa cha zambarau, kashona kwa mkono, akampa bodaboda apeleke. Likarudi jioni ileile. Bi Shamimu kasema halimtoshi. Labda kweli halikumtosha, mtoto anakua na bibi yake alikuwa anashona kwa umbo analolikumbuka.

Tunu alifariki kipindi cha baridi, kwa presha, kwenye kiti. Nilimwosha. Mwavita akashika kanga upande mmoja, Mama Gozbert, ambaye si dini yake, akasimama nje ya mlango kuzuia watoto, kwa sababu watu wa kusaidia walikuwa hawapo. Mikeka nilitandika mie, ikabaki mitupu. Waliokuja walikuja kwa zamu, dakika chache, mkono wa pole na kuondoka. Kutoka Kiwalani alikuja Farhan peke yake, akashika jeneza mpaka makaburini, akaondoka bila kula.

Baada ya arobaini nikaenda Kiwalani. Hakuna aliyenituma, na mwenye kunikataza alikuwa chini ya ardhi. Bi Shamimu alinipokea vizuri, akaniwekea chai na mihogo. Nikamwambia yote, kuanzia mwanzo, kama nilivyowaambia nyie. Ndege ikapita katikati, nikangoja, nikaendelea.

Aliposikia, kikombe kikamkaa mkononi.

"Mkojo?"

"Mkojo."

"Mtu aache kumwosha mwanawe kwa mkojo? Mama Mwishehe, hata mie nikikohoa unanitoka! Nikicheka! Mwaka wa ngapi huu? Navaa nguo mbili." Akajipiga paja, nusu anacheka, na kicheko kikamgeukia akaanza kulia. "Mie nilijua anatusema sie. Salma tulimpeleka kwa mganga kwanza, miezi, akawa anakandwa majani, uvimbe unakua. Hospitali tulichelewa. Mie ndiye niliyesema mganga. Siku ile aliposema mnajua wenyewe, nikajua amejua, na kila mtu pale uani amejua, wananitazama mie. Nilitaka ardhi ipasuke."

"Hakujua habari ya mganga," nikamwambia. "Hakuwahi kunitajia. Nasikia kwako leo."

Akajifuta uso kwa kanga. Tukakaa. Halafu nikasema nilichokuja kusema: mwite mtoto, umweleze bibi yake hakuwa mtu mbaya.

Na Nusaiba mwenyewe akaingia wakati huohuo, katoka shule, kawa mrefu. "Shikamoo bibi," akaniambia, akasimama anangoja kuambiwa mie ni nani. Bi Shamimu akamwambia, "Jirani wa huko Mbagala. Nenda kabadili nguo, ule." Mtoto akaenda.

"Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Bibi yako alikuwa anajikojolea?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Anakwenda kidato cha kwanza mwakani. Atamweleza mwenzie, mwenzie atamweleza mwenzie." Akatikisa kichwa. "Na mganga nitamwambia vipi? Hilo la Tunu halisemeki bila hili langu. Mwache. Anajua bibi yake alikuwa na roho ngumu, ameshazoea. Wapo wengi wenye bibi wa roho ngumu."

Nilibishana naye. Nilimwambia mtoto anakua na uongo kifuani, nikamwambia Tunu ananisikia, nikamwambia mie nitamwita mtoto nimweleze mwenyewe sasa hivi, na nikainuka kweli. Bi Shamimu hakunizuia. Alinitazama tu, na macho yale nayajua, ndiyo aliyonitazama nayo Tunu aliponishika mkono. Nikasikia mtoto ndani anaimba huku anajimwagia maji. Nikakaa tena. Adhana ya alasiri ikatukuta palepale, mihogo imepoa, mie nabisha, yeye anasema mwache, na sikumshinda.